Turbo ya Gari la Shemeji Projest

Nkwenda, Kyerwa
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Kwako dada yangu mpendwa Kemilembe,

Shikamoo dada. Pokea salamu zangu kutoka huku Nkwenda, nami naomba barua hii ikukute wewe, mama na watoto mkiwa mmeamka salama hapo Chonyonyo. Miguu ya mama inaendeleaje na mvua hizi? Mwambie dawa ya kuchua aliyoiulizia nimeipata, mke wangu Restuta anakuja nayo pamoja na barua hii. Adventina amemalizaje mitihani yake? Na yule mdogo, kile kikohozi cha asubuhi kimemwachia? Sisi huku miili yetu ni mizima. Mvua ni nyingi, barabara imekatika mara mbili tangu mwezi uanze, na senene wameshaanza kuanguka. Mwaka huu sikwenda kuwatega. Restuta aliletewa na jirani akakaanga, nikala, lakini ukiniuliza walikuwa na ladha gani siwezi kukuambia.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu zetu zote mbili ni nzima. Nimekupigia mara tatu wiki hii, dada, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za mnyauko wa migomba. Nimeona niandike. Karatasi haitanikatiza, wala haitaniuliza kama nimekula. Naomba uisome ukiwa umekaa, tena ukiwa peke yako, kisha uamue mwenyewe kama mama asomewe. Mengi ya haya unayajua, lakini nayaandika yote tangu mwanzo kwa sababu nataka yakae mahali pamoja.

Unakumbuka lile Landrova lilivyokuwa marehemu mume wako alipolinunua kwa wamisheni. Bodi yake ilikuwa imara, chasisi haina kutu, lakini injini ilikuwa imezeeka. Kwenye tambarare lilikwenda. Kwenye milima yetu hii, likiwa limebeba magunia ya kahawa au mgonjwa na ndugu zake, lilitoa moshi, likanguruma, likasimama. Shemeji Projest hakulinunua kwa ajili ya biashara peke yake, na wewe ndiye uliyekuwa ukiamshwa watu walipokuja kuomba gari. Hakuwahi kumkatalia mtu.

Mwezi wa pili mwaka huu walikuwa wakimpeleka hospitali yule binti Benitha wa jirani yenu, uchungu umemshika, na gari likagoma katikati ya mlima. Wanaume walishuka wakasukuma kwenye tope, wakashindwa. Benitha akajifungulia humo humo kwenye kiti cha nyuma, wanawake wawili wakimkinga mvua kwa khanga. Mtoto alikuwa salama, na kila mtu pale kijijini alilicheka lile jambo kama kichekesho. Shemeji hakucheka. Kesho yake alikuja hapa gereji, akakaa juu ya tairi, akaniambia, “Novatus, safari hii Mungu ametubeba. Sitaki kumjaribu tena. Nitafutie nguvu ya kupanda.”

Nilimweleza kwamba njia ya kawaida ni kufunga injini nyingine, na yeye akasema hiyo hawezi, karo za watoto zinamtazama. Basi nikamwambia neno ambalo nalikumbuka vizuri kwa sababu nililisema kwa majivuno. Nilisema nguvu ipo ndani ya injini hiyo hiyo, haiuzwi dukani, inahitaji fundi wa kuitoa tu.

Na kweli niliitoa, dada. Nilianza na vitu vidogo. Nilisafisha njia ya hewa, kwa maana chujio lilikuwa limejaa vumbi jekundu la miaka na injini ilikuwa inapumua kama mtu aliyezibwa pua. Nilipeleka nozeli zinazonyunyizia dizeli zikapimwa, nikabadilisha mbili. Nilitoa ekzosi nyembamba iliyokuja nalo nikachomelea bomba pana zaidi. Hayo peke yake yalileta tofauti, na laiti ningeishia hapo. Lakini kulikuwa na gari moja lililopinduka miaka iliyopita, limelala nyuma ya nyumba ya mnunuzi wa mazao hapa Nkwenda, na injini yake ilikuwa na turbo nzima. Turbo ni kifaa kinachotumia moshi wa gari lenyewe kusukuma hewa nyingi ndani ya injini. Mwenye gari alinipa kwa bei ya chuma chakavu. Nilifanya kazi majuma matatu nikatengeneza mahali pa kuikalisha, kisha nikaongeza dizeli kidogo kwenye pampu ili iendane na hewa. Sikuwa nimefundishwa kazi hiyo na mtu. Niliona inavyokaa kwenye magari mengine nikaifuata kwa macho.

Siku ya kulijaribu tulikuwa watatu: shemeji, mimi, na dereva wenu Niyitegeka kwenye usukani. Tulipakia ndizi mpaka juu. Mlima ule uliolishinda gari na Benitha ndani, Niyitegeka aliupanda kwa gia ya tatu, akafika kileleni bila kushusha. Alizima gari, akaweka mikono yake juu ya usukani, akatabasamu. Shemeji alishuka akalizunguka gari, akaligonga bodi kama mtu anavyompiga ng’ombe wake mgongoni. Alisema, “Shemeji, hili ni gari jingine.” Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa saba mnajua wenyewe ni watu wangapi lile gari liliwafikisha hospitali. Kwangu mimi sifa zilikuja. Watu wenye magari ya mlimani walianza kunitafuta mpaka kutoka Kayanga.

Niyitegeka nisimpite hivi hivi. Wazazi wake walitoka Rwanda wakamzalia hapa, na alikuwa kwenu miaka kumi na mmoja. Alilima kibanja chenu cha migomba kabla hajajifunza gari, na ni marehemu mwenyewe aliyemfundisha. Nyumba yake ilikuwa pembeni ya migomba yenu, mkewe Costansia alichuma kahawa pamoja na wewe, na watoto wake walimwita mama yetu bibi. Namwandika hivi ili ukifika mbele ukumbuke nilikuwa nayajua hayo yote.

Alhamisi ile ya tarehe kumi na nane Julai walikuwa wanapeleka kahawa chama cha msingi. Ulikuwa umewafungia chakula. Kwenye ule mteremko mrefu baada ya mikaratusi gari likawashinda, likateremka bila kupunguza mwendo, likaingia kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto. Upande wa kushoto ndipo alipokaa shemeji. Alikata roho kabla watu hawajamtoa. Niyitegeka alivunjika mguu. Alipoulizwa alisema alikanyaga breki mara ya kwanza ikashika, ya pili ikashika kidogo, ya tatu pedali ikawa ngumu kama anakanyaga ukuta. Aliyasema hivyo hivyo kwa polisi, kwa mchungaji, na kwako.

Askari mkaguzi wa magari alikuja kesho yake, akapima. Mafuta ya breki yalikuwepo, mabomba hayavuji, pedi nzima, mipira yote mizima. Akaandika kwamba breki hazikuwa na kasoro na kwamba dereva alikuwa mwendo kasi. Alifanya kazi yake kwa haki, dada. Aliandika alichokiona. Baada ya hapo watu wakamaliza wenyewe. Wakasema gari lilipopata nguvu yule dereva alilewa nguvu. Wakasema mtu wa kuja ni wa kuja hata akikaa miaka mia. Kwenye mazishi Niyitegeka aliletwa amebebwa, mguu una plasta, akataka kutupa udongo kaburini, na wewe ukamzuia. Ulisema, “Mkono huo umeshamzika tayari.” Nilikuwa nimesimama kushoto kwako, nimekushika bega. Nilisikia kila kitu. Baada ya siku nane ukoo ukakaa, akaambiwa aihame ile nyumba. Yeye na Costansia walikwenda Kituntu, na huko wanalimia watu migomba kwa kibarua. Kesi yake imepangwa kusomwa Alhamisi ijayo, tarehe kumi na nne. Yuko nje kwa dhamana.

Sasa nakuja kwenye wiki iliyopita. Ilikuwa siku ya soko, saa nne hivi za asubuhi, nimesimama nje ya gereji nanawa mikono. Nikamwona Niyitegeka anakuja kwa fimbo. Amekonda, na mguu haukuunga vizuri, anauburuta. Nilidhani amekuja kunidai neno fulani. Nikasema moyoni, afadhali, amalize. Akanisalimu kwa heshima kama zamani, akaniomba tukae. Aliniuliza habari zako na za watoto. Kisha akasema alichokijia:

“Fundi, nimekuja kukuomba msamaha kabla ya kesi. Nimelifikiria jambo hili miezi yote hii, na mkaguzi alisema breki ni nzima. Basi kosa ni la mguu wangu. Nadhani nilikanyaga mafuta nikadhani ni breki. Siku ya kesi nitakiri, ili mama Adventina apumzike.”

Nilimuuliza kama anakumbuka hivyo. Akasema hapana, anachokumbuka ni pedali ngumu, lakini kumbukumbu ya mtu mmoja haiwezi kushindana na karatasi ya serikali. Alisema Costansia amekwisha kubali, na kwamba akifungwa anaomba nimtafutie mkewe kibarua hapa Nkwenda kwenye maghala ya kahawa. Nilimjibu kwamba nitamtafutia. Hayo ndiyo niliyoyajibu, dada. Tukaagana, akashika njia yake ya sokoni, nami nikarudi chini ya gari nililokuwa nalitengeneza nikafunga nati zilizobaki.

Dada Kemilembe, Niyitegeka hakukosea mguu. Alikanyaga breki, na breki ilikuwa ngumu kama alivyosema. Mimi ndiye niliyeifanya iwe hivyo.

Ndani ya boneti kuna pipa jeusi linaloitwa boosta. Hilo ndilo linalousaidia mguu wa dereva kuibana breki, na linafanya kazi kwa upepo unaovutwa na injini kupitia mpira mmoja mrefu. Mpira ule ukitoboka, dereva anabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili, kisha pedali inagoma. Nilipoifunga turbo, mpira ule ulipita jirani yake mno, na turbo ikifanya kazi mlimani inakuwa nyekundu kwa moto. Nilipaswa kuuhamisha mpira, au niweke bati la kukinga joto katikati. Bati sikuwa nalo siku ile. Nikauvuta mpira pembeni nikaufunga kwa kamba ya tyubu ya baiskeli, nikajiambia bati nitaliweka wiki ijayo. Shemeji alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na haraka ya kumwonyesha. Wiki ijayo sikuliweka, wala iliyofuata.

Hilo lingeitwa uzembe, na pengine ungeweza kunisamehe. Lakini wiki mbili kabla ya ajali Niyitegeka alikuja hapa. Aliniambia wakimaliza kupanda mlima mrefu anasikia harufu ya mpira unaoungua. Nilikuwa chini ya gari la mteja. Sikutoka. Nilimjibu nikiwa chini kule kule kwamba hiyo ni rangi ya ekzosi mpya, itaisha yenyewe. Akanishukuru akaenda. Nilijua alichokuwa anakisikia, dada. Nilijua pale pale. Nilikuwa na kazi ya mtu na sikutaka kuonekana nimekosea kazi niliyosifiwa.

Baada ya ajali polisi walilivuta gari mpaka kwenye uwanja wangu, kwa sababu ndio wenye uzio. Ilikuwa saa kumi jioni. Waliniachia nililinde hadi mkaguzi afike kesho. Walipoondoka nilifungua boneti. Kamba ya tyubu ilikuwa imeyeyuka na mpira umeangukia turbo, una tundu la kuingiza kidole gumba. Nilikata mpira mwingine uliokuwa rafuni, nikaufunga, nikaupaka grisi na masizi ili uonekane mkongwe. Haikuchukua dakika kumi. Nikanawa, nikapanda pikipiki, nikaja kwako msibani, nikakaa kwenye mkeka karibu na mama.

Nimetafuta sababu ya kunyamaza kwangu nikuandikie, na sikuipata. Mwanzo nilijiambia nitasema baada ya mazishi. Baadaye nikajiambia nitasema baada ya arobaini. Kisha sikujiambia kitu tena. Nimekuwa naamka, nafungua gereji, nafunga. Kila gari ninaloliwekea turbo siku hizi naliwekea bati la kukinga joto, na watu husema fundi Novatus ni makini. Sijalia tangu Julai, dada, hata kwenye kaburi sikulia, ulidhani najikaza kwa ajili yako. Sikuwa najikaza. Hakukuwa na kitu ndani. Hata sasa naandika haya kama mtu anayeandika vipuri vya gari, na wino hautapakai.

Ule mpira wenye tundu sikuutupa. Uko hapa kwenye mfuko. Jumatatu asubuhi naupeleka polisi Kayanga, nitawaeleza kama nilivyokueleza, nao watafanya la kwao. Restuta nimemwambia jana. Hakunigombeza. Aliniuliza kama dada anajua, nikasema bado, akasema basi barua ataipeleka yeye mwenyewe mkononi. Ukimkasirikia, yeye hana kosa.

Sikuombi msamaha ndani ya barua hii. Mtu aliyekula kwenye sahani yako msibani, akayaficha haya miezi minne, hawezi kuomba kwa karatasi. Ninachoomba ni Niyitegeka. Hajui chochote mpaka leo, na simu yake haipatikani. Mtu wa kumwambia asikiri Alhamisi lazima amfikie kabla ya siku hiyo, na mimi Jumatatu sijui kama nitarudi. Wewe unakujua Kituntu. Anakaa nyuma ya kanisa, kwenye nyumba ya mzee Leonidas.

Kuna jambo moja amelificha, dada, na aliniambia siku ile ya soko akiwa ameshasimama aondoke. Hakulisema polisi wala kwako, kwa sababu aliona mkisikia mtasema muuaji anamtungia marehemu maneno. Chini ya ule mteremko siku hiyo walikuwepo wanawake wanapanda kutoka sokoni na mizigo kichwani, wamejaa barabara, na wengine wana watoto mgongoni. Breki ilipogoma Niyitegeka alipiga honi, wakachanganyikiwa, wakakimbilia upande wa kulia palipo na bonde. Shemeji aliwaona. Hakupiga kelele. Alimshika Niyitegeka mkono, akamwambia kwa Kinyambo chetu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba gari aliingize kushoto. Niyitegeka akamwambia, “Mzee, kushoto ni wewe.” Naye akamjibu, “Najua. Ingiza.”

Mimi siku ile sikuamini wala sikukataa. Lakini nilipokaa na ule mpira mkononi nikaona kwamba kama alisema kweli juu ya pedali, hana sababu ya kuwa mwongo juu ya hili. Basi mume wako hakufa kwa ulevi wa dereva, dada. Ajali ilikuwa yangu. Mahali pa kuligongesha gari alipachagua yeye.

Msalimie mama, umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Msalimie Adventina na wadogo zake, na usinifiche kwao. Uwaambie kwa wakati utakaouona wewe. Wasalimie wanausharika watakaoniulizia. Wa kwanza wa salamu hizi zote awe Niyitegeka, na ukimfikia mwite kwa jina lake, kwa maana huko Kituntu wanamwita dereva wa marehemu.

Nimemaliza. Ni mimi mdogo wako niliyekunyima ukweli,

Novatus